Mstari wa Manjano Niliokuwa Nikiufunga

Mlioniacha wiki iliyopita uani kwa mama, namtukana mzazi wangu mchana kweupe huku majirani wamesimamisha kazi zao wanasikiliza, karibuni tena. Ambao ndiyo kwanza mnanikuta, vuteni kiti. Nitasema kwa ufupi, maana nikirudia yote nitalia, na nikilia siandiki.

Mdogo wangu wa kike ameolewa na fundi wa kompyuta. Mpole, sauti ya chini, hata sigara havuti. Huyo mpole ndiye aliyemvunja mkono mdogo wangu, kisha akampeleka hospitali mwenyewe, akamshikia foleni, na daktari alipouliza maswali akamjibia yote.

Plasta ilipotolewa, mdogo wangu akatoroka na binti yake. Nikamficha kwa shangazi. Shemeji akamfuata. Nikamhamishia kwa rafiki yangu mshonaji, mji mwingine kabisa. Shemeji akatokea na kule. Hakupiga kelele, hakugonga mlango. Alisimama ng'ambo ya barabara akawa anatazama dirisha la chumba cha kushonea mpaka jua likazama.

Polisi tulikwenda. Tuliambiwa kusimama barabarani si kosa, na mkono umeshapona.

Tuliojua sehemu zote mbili tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu mwenyewe, na mama. Mimi sikusema. Yeye hawezi kujichoma. Kabaki nani? Na mama bado alikuwa anapokea simu za huyo mtu. "Ni mkwe wangu, nitamkatiaje simu?" Basi nikapanda gari mpaka kwa mama, nikamwambia amemuuza mtoto wake wa kumzaa. Nikamwita msaliti. Mama hakunijibu hata neno moja. Alifunga nyumba, akabeba begi, akaenda kukaa kwa mjomba.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni yaliyonikuta juzi.

Kazi yangu mnaijua. Nasimamia chumba cha intaneti nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Kompyuta zimepangwa ukutani, viti vya plastiki, na printa moja inayotafuna karatasi ikijisikia. Watu wanakuja kujaza fomu za kazi, za vyuo, za bima. Kompyuta zote alizifunga shemeji, na karakana yake iko upande wa pili wa ukuta. Intaneti tunachangia. Mdogo wangu alikuwa akija kunisalimia, na humo ndimo walimojuana. Mimi ndiye niliyewatambulisha, eti fundi mwenye adabu. Adabu!

Shida kubwa ya chumba kama hiki ni watu kusahau kutoka kwenye akaunti zao. Mtu anasoma barua pepe yake, anainuka, anakwenda zake, anayekaa nyuma yake anaikuta wazi. Shemeji akanitengenezea dawa. Kwenye kila kioo aliweka ikoni nyeusi. Ukiibonyeza, brauza inafunguka kwenye dirisha la siri. Ukifunga, kila ulichofanya kinafutika.

"Wateja watumie hii tu," aliniambia. "Hii ndiyo salama."

Nikachapa tangazo kwa herufi kubwa nikalibandika ukutani: TUMIA IKONI NYEUSI KWA USALAMA WAKO. Nilikuwa najivunia hilo tangazo, mnisamehe.

Kwa hiyo vita vilipoanza, nikamwambia mdogo wangu tuachane na simu. Yake alinunuliwa na mumewe, ameitupa, anatumia ya kuazima. Yangu shemeji aliwahi kuibadilisha kioo, nani ajuaye alipachika nini humo. "Tutaandikiana barua pepe," nikamwambia. "Mimi nitakuwa kazini, kwenye ikoni nyeusi. Hakuna kinachobaki." Nilijiona nina akili kuliko wote.

Asubuhi ya juzi, kabla hata sijafagia chumba, nilimwandikia mdogo wangu kwamba nimempatia mahali pa tatu. Kwa mkunga mstaafu, yule aliyetupokea sote wawili tukizaliwa. Nikamwelekeza mpaka rangi ya geti. Muda si mrefu akanijibu, *dada, tumeshapanda gari, mchana tutakuwa huko.*

Nikafunga dirisha. Nikashusha pumzi. Safari hii hata mama sikumwambia.

Kabla ya saa sita akaingia mteja mmoja, mwanamke wa makamo, miwani mikubwa, mkoba umebanwa kwapani. Nilimjua kwa sura. Ni mkaguzi wa mifumo ya kompyuta kwenye kampuni ya bima, kompyuta yake ya nyumbani imeharibika, anataka kujaza fomu ya shule ya mwanawe. Nikampa kiti cha pembeni, nikambonyezea ikoni nyeusi, nikarudi kwenye printa yangu.

"Dada, samahani," akaniita. "Humu siandiki neno langu la siri."

"Kuna nini?"

"Huu mstari."

Juu ya ukurasa, chini kidogo ya mahali pa kuandika anwani, kulikuwa na mstari wa manjano wenye maneno ya Kiingereza. Nilicheka.

"Ah, huo! Ufunge tu. Una alama ya kufungia pale mwisho." Nikanyoosha mkono nikaufunga mwenyewe. "Kila asubuhi nazunguka kompyuta zote naufunga. Unaudhi kweli."

"Umewahi kuusoma?"

"Toleo jipya hilo, linajitangaza."

"Nani kakwambia linajitangaza?"

"Fundi wetu."

Akafunga brauza, akaifungua upya. Mstari ukarudi. Akaweka kidole juu ya kioo, akanisomea taratibu, kwa Kiswahili, kwamba brauza hii imefunguliwa kwa agizo lisilokubalika, na kwamba usalama utapungua.

"Hili si tangazo, dada. Brauza inakulalamikia wewe."

Mimi nikapandisha mori. Mnanijua, mdomo wangu hauna breki. "Sikiliza, hapa tunatumia dirisha la siri! Unaona lile tangazo ukutani? Hakuna kinachobaki hapa, hata herufi!"

"Hakibaki kwenye mashine hii," akasema bila kupandisha sauti. "Dirisha la siri linafuta nyayo zako humu ndani. Kama kuna mtu amekaa njiani anafungua kila kinachotoka, halimzuii. Niruhusu nikuonyeshe."

Akabonyeza ikoni nyeusi kwa upande wa kulia wa kipanya, akachagua mahali pa kuona sifa zake. Kikatokea kisanduku kifupi chenye jina la programu. Nikamwambia, unaona, hakuna kitu. Akabonyeza kitufe cha kwenda mwisho wa mstari. Maneno yakasogea. Jina la programu lilikuwa na mkia mrefu kuliko lenyewe.

"Kwa kawaida hapa panakuwa na jina la programu, basi," akasema. "Ukitaka ifunguke kwa namna fulani, unaongeza agizo nyuma yake, lenye vistari viwili mbele. Haya. Agizo la kwanza, fungua dirisha la siri. Hili zuri, hata mimi ningeliweka."

"Si nilikwambia!"

"La pili linasema kila kitu kipitie kwanza kwenye mashine nyingine, na anwani ya mashine yenyewe hii hapa. Iko kwenye mtandao wenu huu huu. Iko karibu."

Nikainama nione vizuri.

"La tatu ndilo baya. Brauza ina tabia moja nzuri. Mtu akijiweka katikati, akajifanya yeye ndiye benki yako au ndiye barua pepe yako, inakataa. Inaweka ukurasa mwekundu, inakwambia rudi nyuma. Sasa hili agizo linaiambia inyamaze, imkubali yeyote. Imenyamaza, lakini haijakuficha. Ndiyo maana inakuwekea mstari wa manjano kila unapoifungua."

"Na mimi naufunga," nikasema.

"Na wewe unaufunga."

"Kwa hiyo huyo mwenye mashine ya katikati anaona nini?"

"Kila kitu. Barua, majibu, maneno ya siri ya wateja wako wote. Mstari huu ulianza lini?"

Nilikumbuka vizuri sana. Shemeji alikuja kupuliza vumbi kwenye feni. Nilimruhusu kwa makusudi, nisionekane namshuku. Nikampa hata kiti. Alizunguka mashine zote, mashine baada ya mashine, ananiuliza habari za mdogo wangu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Kesho yake mstari wa manjano ukawa kwenye kila kioo, nikamwita, akacheka kidogo, akasema ufunge tu.

"Wiki ile mdogo wangu alipotoroka," nikamjibu.

Mama hakusema. Mama hakuwahi kusema. Aliyesema ni mimi, tena kwa vidole vyangu, tena kwa maelekezo ya barabara na mitaa. Mama nilimtukana mbele ya majirani, nikamfukuza kwenye nyumba yake, na mwizi alikuwa amekaa nyuma ya ukuta anasoma.

Halafu nikakumbuka ya asubuhi. Rangi ya geti.

"Mungu wangu," nikasema. "Nimemwambia alipo."

Yule mkaguzi hakuuliza maswali mengi. Nilimwaga maneno, sijui hata yalikuwa na mpangilio, mkono, mtoto, mshonaji, dirisha. Alitoa simu yake, akapiga picha kioo chote na ule mkia, akanipa simu.

"Piga kwa hii. Na kwenye kompyuta usifute kitu chochote. Safari hii polisi hawatasema hakuna kosa."

Namba ya mkunga ilikuwa kwenye simu yangu. Nikaibonyeza kwenye simu yake, nikakosea, nikarudia.

"Wamefika?" nikauliza hata sijasalimia.

"Shikamoo haipo siku hizi?" akasema mkunga. "Wamefika, ndiyo kwanza wanatua mizigo. Mtoto katapika njia nzima. Nimemlaza."

"Bibi, mumewe anajua. Kaisoma barua yangu. Anajua mpaka geti."

Kisha mkunga akavuta pumzi puani. "Gari la jirani linarudi alasiri. Mimi kwa miguu sifiki mbali, na huyu mtoto hawezi kusimama. Likirudi tu nawapakia, nawapeleka kwa..."

"Usiniambie!" Nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka. "Usiniambie wapi, bibi. Mimi nisijue. Na mwambie mdogo wangu asifungue tena barua pepe, hata nikimwandikia mimi mwenyewe, hata nikimwambia nakufa."

"Haya. Basi na wewe mshikilie huyo mwanamume mpaka alasiri," akasema. "Akifika hapa kabla, nina mwiko tu wa kupigana naye."

Nilitoka nje nikazunguka ukuta. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kumwona kama bado yupo.

Alikuwepo. Anafunga zipu ya begi la vifaa. Ufunguo wa gari mezani. Kompyuta yake ndogo ilikuwa wazi, ameigeuzia kwake, na nilipoingia akaifunika kwa kiganja, polepole, kama mtu anayefunika chakula.

"Karibu, shemeji. Ndiyo nataka kutoka."

"Safari?"

"Kuna mteja mbali kidogo. Mashine zake zimegoma."

"Utarudi leo?"

"Inategemea nitakavyomkuta." Akatabasamu. "Vipi, hujapata habari za mdogo wako?"

"Sina habari zake."

"Mimi namwombea tu. Hata mtoto, sijui anakula nini huko."

Mezani kulikuwa na bisibisi. Nitawaambia ukweli wangu wasomaji, niliitazama ile bisibisi na nikaona nafasi shingoni mwake. Naye akaniona naitazama. Akaichukua, akaitia kwenye begi pamoja na zingine.

"Nijaze mafuta kwanza, niende," akasema. "Chumba chako salama? Kompyuta hazisumbui?"

"Hazisumbui."

Nikarudi mbio. Kutoka pale mpaka kwa mkunga, kwa gari lake, angefika mapema tu, jirani wa watu bado yuko kazini. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, nikabonyeza ikoni nyeusi. Mstari wa manjano ukaja. Sikuufunga.

"Unafanya nini?" mkaguzi akauliza.

"Anasoma, si ndiyo? Basi asome."

"Dada, usicheze na mtu wa namna hii. Picha ninazo. Twende polisi."

"Polisi kuna foleni. Huyu ana ufunguo wa gari mkononi."

"Na unamtuma wapi?"

"Mahali hakuna mtu."

Nyumba ya mama. Imefungwa, mapazia yameshushwa, hata kuku aliwagawa. Iko barabara ya upande mwingine kabisa, anayekwenda huko anaipa mgongo nyumba ya mkunga. Atafika, atazunguka, atachungulia madirishani, atasubiri. Alasiri itapita yuko kule.

Nikaandika haraka haraka. *Mdogo wangu, mipango imebadilika. Kwa mkunga usiende, kuna wageni. Shukeni njiani, mpande gari la kwenda kwa mama. Nyumba imefungwa, yeye yuko kwa mjomba, hakuna atakayejua. Ufunguo nimeuficha juu ya mlango wa uani. Kaeni humo mpaka nije.*

Nikatuma. Nikabaki nimeukodolea macho ukuta. Mkaguzi naye akautazama, na printa nayo safari hii ilikuwa imenyamaza. Kisha tukasikia kiti kinavutwa kule upande wa pili. Mlango wa karakana. Kufuli. Gari likawaka.

Nikakimbilia barabarani. Lilijaza mafuta pale pale kona, likasogea mpaka njia panda. Kulia ni kwa mkunga. Kushoto ni kwa mama. Likasimama kidogo kupisha lori.

Likakata kushoto.

Jamani, nilicheka! Nilicheka peke yangu barabarani, watu wananitazama, nikapiga na makofi. Shemeji mzima, fundi wa mafundi, nimemwendesha kwa vidole! Nilirudi ndani nikamkumbatia mkaguzi wa watu, miwani ikamwenda kombo. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Funga chumba twende polisi."

Nikawaomba wateja wamalize mambo yao. Wengine wakagoma. Mmoja alikuwa katikati ya fomu ya chuo, nikamwambia abadilishe maneno yake yote ya siri akifika nyumbani, akaniuliza kwa nini, nikashindwa kumtazama. Mwingine akataka arudishiwe alicholipia printa. Nikamrudishia. Ikapita saa nzima na zaidi tunasukumana hivyo, ndipo nikazima taa. Mkaguzi alikuwa mlangoni na mkoba wake.

"Nipe dakika moja," nikamwambia. "Nimpigie mama."

Hilo lisingengoja. Nilishalibeba vya kutosha. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki gizani, nikapiga.

"Nani?" mama akauliza, na namba yangu anaijua.

"Ni mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Baridi kabisa.

"Mama, hukuwahi kusema kitu. Nimejua leo. Ni mimi, mama. Alikuwa anasoma barua zangu, kaitegea kompyuta ya kazini, nilikuwa namwandikia mdogo wangu na yeye anasoma. Mimi ndiye niliyemuuza. Nilikutukana mbele za watu na wewe hujafanya kitu." Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka, sina hata kitambaa. Niliendelea hivyo hivyo, nikamrudia maneno yote niliyomwambia siku ile, moja moja, na kila moja nikaliombea radhi. Mkaguzi akageukia nje.

"Umemaliza?" mama akasema mwishowe.

"Bado."

"Basi pumzika kwanza. Mimi nilikasirika, sikatai. Nilishasema nikifa usinizike. Lakini wewe ni mwanangu, nitakutupa wapi? Nani atakuokota na huo mdomo?"

Nikacheka huku nalia. Kwenye simu nikasikia kitu kinakwaruza chini, kwa mpigo.

"Unafanya nini huko?"

"Nafagia. Vumbi la nyumba iliyofungwa unalijua."

"Nyumba gani?"

"Nyumba gani tena? Yangu. Nimerudi jana. Mke wa mjomba wako anakoroma mpaka sufuria zinacheza, nikasema bora nirudi kwangu nikasutwe na majirani."

Nilisimama. Kiti kikaanguka.

"Mama, toka hapo. Acha ufagio, nenda kwa jirani, sasa hivi."

"Nikafanye nini?"

"Shemeji anakuja."

"Anakuja kufanya nini, wakati mkewe hayupo hapa?"

"Mimi nimemtuma."

Ufagio ukanyamaza.

"Umemtuma kwangu, mwanangu?"

"Nilijua hakuna mtu! Nilitaka kumpoteza njia, mama, nilijua uko kwa mjomba! Toka, nakuomba, pitia uani!"

"Na goti hili nitapitia wapi," akasema, kama anajisemea. Kisha, "Kuna gari limesimama hapa nje."

"Funga mlango!"

Nilimsikia anatembea. Ule mwendo wake wa kuvuta mguu mmoja. Sikusikia komeo. Nilisikia sauti nyingine, ya chini, yenye adabu, inapiga hodi, halafu inasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema.

Kisha kukawa na mchakacho kwenye simu, na aliyezungumza karibu na sikio langu hakuwa mama tena.

"Shemeji. Barua yako nimeipata."

"Muache mama yangu."

"Mama hajambo, tumekaa vizuri. Jana nilimpigia simu kumjulia hali, akaniambia amerudi kwake. Leo wewe unaandika hakuna mtu." Hakusikika kukasirika hata kidogo. "Nikasema hapa shemeji kajua kwamba nasoma. Sasa kwa mkunga nitamkuta nani? Ameshahamishwa. Nikaona bora nije huku unakonielekeza."

Mkaguzi alikuwa ameshaona uso wangu, anapiga simu yake, anazungumza na mtu haraka haraka, anataja mji wa mama. Mimi nilikuwa nimebana simu kwa mikono miwili.

"Unataka nini?"

"Mke wangu. Aje hapa na mtoto. Akifika, mimi na yeye tutaondoka kwa amani na mama ataendelea na kazi zake. Wewe ndiye unayepanga safari zake, mpangie na hii. Yuko wapi sasa?"

"Sijui."

"Shemeji."

"Haki ya Mungu sijui! Nilikataa nisiambiwe!"

Akacheka, kile kicheko chake kidogo cha puani. "Kunidanganya huwezi, nimekusoma muda mrefu. Haya. Mtafute, mimi nasubiri. Ongea na mama umsikie mwenyewe, usije ukadhani ni utani."

Simu ikapita mkono hadi mkono. Nikasikia pumzi za mama, fupi fupi, na kitu kama kiti kinasogezwa nyuma yake.

"Mama," nikasema. "Mama, kakugusa?"



"Hata ukijua alipo mdogo wako," mama akasema, "usimwambie."

Simu ikakatwa.